Tunisia wiki nne, Misri siku 18, Syria miaka 13: tofauti ilikuwa nini?

Mwalimu_wa_Kilosa aliuliza:

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Historia na Uraia sekondari. Juzi kidato cha nne tulikuwa kwenye mada ya demokrasia, tukafika kwenye maandamano ya nchi za Kiarabu. Nikawaandikia ubaoni tarehe: Mohamed Bouazizi, muuza matunda na mboga wa Sidi Bouzid, alijichoma moto Desemba 17, 2010, Januari 14, 2011 Ben Ali akapanda ndege kwenda Saudi Arabia baada ya miaka 23 madarakani. Misri wakaanza Januari 25, Mubarak akaondoka Februari 11. Syria wakaanza Machi ya mwaka huohuo, lakini Assad amekimbilia Moscow Desemba 8, 2024.

Kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama wananchi wakiingia barabarani rais anaondoka, mbona Assad hakuondoka?" Nikamjibu kwamba ilitegemea jeshi. Akaniuliza tena: "Kwani askari wa Tunisia wana huruma kuliko wa Syria?" Kengele ikalia.

Kipindi kijacho ni Jumatatu na sitaki kumrudishia jibu la mstari mmoja. Humu najua wapo waliosoma au kufanya kazi nchi hizo. Ya kwenye televisheni nimeyaona. Nataka mlichokiona nyinyi, na mnavyoelewa tofauti ilitoka wapi.

---

Msomaji_Nakuru alijibu:

Mwalimu, hoja ya jeshi ni sahihi, ila huyo kijana ana haki ya kuidai zaidi. Huruma haihusiki hapa. Kinachohusika ni nani anapoteza nini rais akiondoka.

Tunisia, rais wa kwanza Bourguiba na baada yake Ben Ali walilifanya jeshi liwe dogo na kuliweka mbali na siasa. Utawala ulisimama juu ya polisi. Kwa hiyo Ben Ali alipozidiwa, jeshi halikuwa na mali wala vyeo vya kulinda kwa damu ya raia. Halafu kulikuwa na UGTT, chama cha wafanyakazi kilichoanzishwa 1946, chenye matawi kila mkoa. Matawi ndiyo yaliyoitisha migomo Sfax na kwingineko, na siku Ben Ali anakimbia Tunis yenyewe ilikuwa kwenye mgomo. Watu wengi wanaisahau UGTT.

Misri ni kinyume. Jeshi lina viwanda, ardhi, barabara, mpaka makampuni ya chakula. Halikumpenda Gamal, mtoto wa Mubarak, kurithi kiti. Wafanyakazi wa Suez na Mahalla walipogoma wiki ya mwisho, majenerali walimtoa mzee ili wao wabaki. Julai 3, 2013 walimpindua Morsi, rais aliyechaguliwa, na Agosti 14 wakawaua mamia ya watu kwenye uwanja wa Rabaa, Cairo, kwa siku moja.

Syria, makamanda wa vikosi vyenye nguvu walikuwa ndugu na watu wa madhehebu ya Assad. Maher, mdogo wake, ndiye aliyekuwa na Divisheni ya Nne. Baba yao, Hafez, alishaubomoa mji wa Hama mwaka 1982. Watu hao waliamini kwamba ukoo ukianguka nao wamekwisha, na ndiyo maana walipiga risasi tangu siku za mwanzo kule Daraa.

Na Bahrain usiiache, Mwalimu. Pale jeshi la jirani ndilo lililoingia. Machi 14, 2011 majeshi ya Saudia yalivuka daraja, na siku chache baadaye mnara wa kipilefti cha Lulu, walipokuwa wanakusanyika watu, ukabomolewa kabisa.

---

BintiMkunazini alijibu:

Mwalimu, assalaam alaykum. Tunis na Cairo sikufika. Nilikuwa Khartoum, nikisomea ualimu wa Kiarabu tangu 2016, na lile wimbi la pili la 2018 na 2019, la Sudan, Algeria, Iraq na Lebanon, lilinikuta huko. Ndugu wa Nakuru amesema vizuri juu ya majeshi. Mimi nataka kuongeza upande wa pili, kwa sababu kila nikisoma maelezo ya mapinduzi haya naona yanaanza na umati, kama kwamba umati uliota usiku mmoja.

Ninavyokumbuka mimi, kitu cha kwanza kilikuwa uhaba wa noti. Mwaka 2018 mtu alikuwa na mshahara benki na hawezi kuutoa. Foleni kwenye mashine za pesa zilizunguka mtaa, ukifika mbele unaambiwa zimekwisha. Sudan Kusini ilipojitenga 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta, na serikali ya Rais Omar al-Bashir ikaishi kwa kuchapisha pesa. Halafu ikaja foleni ya mkate. Sisi wasichana wa dakhalia tulikuwa tukitoka kwa zamu kabla ya alfajiri kwenda kwenye tanuri, na mara nyingi tulirudi na nusu ya tulichotaka.

Desemba 19, 2018, Atbara, mkate ulipanda kutoka pauni 1 hadi 3. Wanafunzi wa sekondari walikuwa miongoni mwa waliotoka mwanzo (mwambie kijana wako hilo), na kabla ya usiku ofisi ya chama tawala ilikuwa imechomwa. Atbara si mji wowote tu. Ni mji wa reli, na vyama vya wafanyakazi wa Sudan vimezaliwa pale. Na Wasudani walikuwa wameshawaangusha watawala wa kijeshi mara mbili, Abboud mwaka 1964 na Nimeiry mwaka 1985, mara zote kwa mgomo wa nchi nzima. Kila nyumba ina mzee wa kukusimulia namna ilivyofanyika. Nchi gani nyingine ya Kiarabu ina urithi huo?

Vyuo vikafungwa. Wenzangu wengi wakarudi nyumbani, mimi nikabaki kwa sababu ya nauli. Hapo ndipo nilipoyaona maandalizi. Kulikuwa na Jumuiya ya Wanataaluma: madaktari, walimu, wanasheria, wahandisi. Walikuwa wakijiandaa kudai kima cha chini cha mshahara, Atbara ikawatangulia, wakageuza madai yakawa "Tasgut bas", ianguke, basi. Wakawa wanatoa ratiba ya wiki nzima kwenye Facebook: siku gani, mtaa gani, wanakwenda wapi. Serikali ikafunga mitandao, watu wakapita njia za kuzunguka. Na saa ilikuwa moja siku zote, saa saba mchana, wakiiita saa ya mapinduzi. Utaona mtaa umetulia, maduka wazi, wanawake wauza chai wamekaa kwenye vibanda vyao. Ikifika saa saba mwanamke mmoja anapiga kigelegele, na kutoka kila kichochoro wanatoka watu. Nilisikia kigelegele chake kutoka dirishani na mwili ukanisisimka, kwa sababu kwetu kigelegele ni cha harusi.

Wanawake walikuwa mbele, na sababu ilikuwa wazi kwa yeyote aliyeishi pale. Sheria ya nidhamu ya umma iliwapa polisi uwezo wa kumkamata msichana kwa kuvaa suruali na kumchapa viboko. Sisi wageni tulionywa siku ya kwanza tu kufika. Sheria hiyo ilifutwa Novemba 2019. Sikubali mtu akiniambia hakuna kilichobadilika.

Chini ya Wanataaluma kulikuwa na kamati za mitaa, lijan al-muqawama. Hizi zilianza baada ya maandamano ya Septemba 2013, yaliyozimwa kwa risasi na watu zaidi ya mia wakauawa. Vijana walijifunza kwamba ukikusanyika katikati ya mji unamalizwa, basi wakajipanga mtaa kwa mtaa, watu wanaojuana tangu utoto. Jasusi haingii kirahisi kwenye kundi ambalo kila mtu anamjua mama wa mwenzake. Burri, mtaa wa Khartoum alikotoka rafiki yangu wa darasani, walifunga njia kwa matofali na matairi, na kila nyumba iliacha mlango wa uani wazi ili anayekimbizwa apite. Pale Burri ndipo alipopigwa risasi daktari kijana, Babiker Abdelhamid, Januari 17, 2019, akihudumia majeruhi. Na mwalimu mwenzako, Ahmed al-Khair, alikufa kwa mateso mikononi mwa usalama wa taifa mwanzoni mwa Februari, upande wa Kassala. Kesi yake ilisikilizwa baadaye, na maafisa zaidi ya ishirini walihukumiwa kifo Desemba ileile. Mwalimu, taja jina lake darasani.

Aprili 6, tarehe ileile alipoanguka Nimeiry mwaka 1985, waliandamana hadi makao makuu ya jeshi na wakakaa. Hawakwenda Ikulu, wakaenda kwa askari, na hili lilipangwa. Usiku wa siku zilizofuata watu wa usalama walikuja kuwafukuza kwa risasi, na askari wa vyeo vya chini, wengine wa jeshi la majini, wakawafungulia raia mageti na kurudisha risasi. Baadhi yao walikufa. Aprili 11 majenerali wakamtoa Bashir baada ya miaka 30. Ibn Auf, waziri wa ulinzi, akajitangaza mkuu, watu wakapiga kelele "tasgut tani", ianguke tena, na kesho yake naye akaondoka. Akaja Jenerali Burhan.

Nilikwenda pale uwanjani pamoja na rafiki yangu, ingawa tulikatazwa kutoka. Kabla ya kuingia unapekuliwa na vijana wa kujitolea, wasichana kwa wasichana, huku wanaimba kwamba inua mikono juu, upekuzi ni kwa adabu. Mbele kuna kitambaa kimetandazwa na pesa juu yake, na kijana anaita: ukiwa nacho weka, huna chukua. Na watu walichukua nauli, wakaondoka, hakuna aliyewatazama mara mbili. Kulikuwa na mahema ya walimu, ya madaktari, ya watu wa Darfur, magharibi mwa nchi, waliokuja kueleza mbele ya watu wa mji mkuu mambo waliyotendewa tangu 2003. Nilimsikiliza mama mmoja wa Darfur kwenye hema hilo, na vijana wa Khartoum waliokaa chini wakamwomba msamaha. Treni ilikuja kutoka Atbara imejaa watu hadi juu ya mabehewa. Vijana waligonga vyuma vya daraja la reli usiku kucha, mlio ule ukasikika mbali.

Juni 3, siku ya 29 ya Ramadhani, alfajiri ya mvua, wakavamia. Wengi wao walikuwa askari wa RSF, jeshi la pili nje ya jeshi la kawaida, wale wa kamanda Hemedti. Kamati ya madaktari ilihesabu waliokufa zaidi ya mia moja, na miili mingine ilitupwa Mto Nile. Intaneti ikakatwa zaidi ya mwezi. Siwezi kuandika zaidi juu ya siku hiyo.

Sasa jibu langu kwa kijana. Mwambie asiulize tu kama jeshi lilipiga risasi au halikupiga. Aulize pia nchi ina majeshi mangapi, na ni ya nani. Sudan ilikuwa na mawili. Bashir hakuliamini jeshi lake, akaiunda RSF mwaka 2013 kutokana na Janjaweed, wanamgambo wa Darfur, ikapewa sheria yake mwaka 2017, na kiongozi wake akawa na dhahabu yake mwenyewe. Raia waliweza kuwagusa roho askari wa makao makuu, kwa sababu wale ni watoto wa mitaa ileile. Wa RSF hawakuwa wa mtaa wa mtu yeyote pale. Kwa hiyo mapinduzi yaliweza kumng'oa Bashir, ila bunduki na dhahabu zikabaki kwa wenyewe. Mkataba wa Agosti 2019 kati ya raia na majenerali uliwapa majenerali uenyekiti wa miezi 21 ya mwanzo, na zamu ya raia ilipokaribia, Oktoba 25, 2021, wakapindua.

---

Mkweli_Daima alijibu:

Dada, umeeleza vizuri, nimesoma yote. Lakini niulize bila kuzunguka. Leo Sudan ni vita tangu Aprili 15, 2023. Zaidi ya watu milioni 10 wamekimbia makwao. Libya hivyohivyo, Yemen hivyohivyo. Hata Tunisia, Rais Kais Saied alisimamisha bunge Julai 25, 2021. Si bora mama wa Atbara angeendelea kununua mkate kwa pauni 3 na watoto wake wakawa hai? Sisemi kwa ubaya, mimi mwenyewe nimeishi kambini utotoni na najua vita.

---

Mzee_wa_Ruwi alijibu:

Nawasalimu kutoka Muscat. Nimezaliwa Unguja, nimehamia Oman kijana, sasa ni babu. BintiMkunazini, mwanangu, Mungu akulipe kwa maelezo yako.

Nataka kuweka na Oman, maana watu hudhani huku hakukuwa na kitu. Februari 2011 vijana wa Sohar walitoka kwenye kipilefti cha Tufe wakidai kazi na kuondolewa mawaziri waliowaona wala rushwa. Walikuwa na picha za Sultan Qaboos mikononi. Polisi wakafyatua risasi, akafa mtu. Nilikuwa na mpwa wangu akifanya kazi bandarini kule, tukakesha na simu.

Sultan akajibu haraka. Akatangaza nafasi za kazi 50,000, akaamuru wanaotafuta kazi wapewe riali 150 kwa mwezi, akabadilisha mawaziri, na Oktoba akaliongezea uwezo Baraza la Shura. Wakati huohuo wapo vijana waliokamatwa, na mwaka uliofuata wengine wakafungwa kwa maneno waliyoandika mitandaoni. Yote mawili yalitokea na mimi nayasema yote mawili.

Kwa hiyo Mwalimu, kwenye ubao wako ongeza safu ya pesa. Nchi yenye mafuta na watu wachache inaweza kununua muda. Tunisia na Misri zisingeweza. Lakini muda ulionunuliwa huisha: Mei 2021 vijana wa Sohar walirudi barabarani na dai lilelile la kazi.

---

BintiMkunazini alijibu:

Mzee wangu, shikamoo. Nimefurahi kusikia sauti ya nyumbani kutoka huko, na hilo la pesa nitalichukua.

Mkweli_Daima, swali lako si baya na umelipia haki ya kuliuliza. Pole kwa uliyoyapitia. Nitakujibu kwa namna ninavyoliamini.

Wanaopigana leo Sudan ni Burhan na Hemedti. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetoka kwenye kamati za mitaa. Wote wawili walipanda vyeo kwa Bashir, na vita vya Darfur ndivyo vilivyowakuza. Watu wa Darfur walikuwa wakichomewa vijiji miaka 15 kabla ya mkate wa Atbara kupanda, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hati ya kumkamata Bashir tangu Machi 2009. Ukisema bora angebaki, unasema kwa macho ya Khartoum. Yule mama niliyemsikiliza kwenye hema hakuwahi kuishi hiyo amani unayoitaja. Yeyote angekuja baada ya Bashir angekuta majeshi mawili kwenye mji mmoja. Hata kifo chake cha kawaida kingetufikisha palepale.

Kingine ni hiki. Vita vilipoanza, mashirika makubwa yaliondoa watu wao, na wanafunzi wa Kitanzania waliobaki walitolewa kupitia Ethiopia. (Mimi nilishamaliza, lakini wadogo zangu wa chuo walikuwemo, tukawapokea Dar.) Nani aliyebaki kulisha watu? Kamati zilezile. Zilijigeuza vyumba vya dharura, ghuraf al-tawari. Kaka wa rafiki yangu, aliyekuwa akizuia njia kwa matofali mwaka 2019, alikuwa akipika maharage na adesi kwenye sufuria kubwa uani kwa mtaa mzima, akiandika kwenye daftari nani amekosa dawa ya sukari na nani hana mtu wa kumchotea maji. Pesa zilitoka kwa Wasudani walio nje, kwa simu, siku mtandao ulipokubali. Alikamatwa na upande mmoja, akaachiwa, kisha akakamatwa na upande wa pili. Wote wawili walimwona ni hatari kwa sababu ya sufuria. Mwaka 2025 vyumba hivyo vilipewa Tuzo ya Rafto kule Norway. Sina raha sana na tuzo wakati watu wana njaa, lakini angalau jina lao liliandikwa mahali.

Nakataa hesabu ya kuwabebesha vijana hawa vita walivyofanyiwa.

---

Mwalimu_wa_Kilosa alijibu:

Ahsanteni sana, wote. Msomaji_Nakuru, Mzee wetu, Dada. Nimepata safu nne za ubao: jeshi ni la nani, vyama vya wafanyakazi vina nguvu gani, pesa za kununua muda, na jirani anaingilia au haingilii. Dada, swali la mwisho. Nina dakika 80 tu. Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi?

---

BintiMkunazini alijibu:

Ningeanza na Atbara, Mwalimu, na nisingetaja Bashir kwa nusu saa ya mwanzo. Wape vijana mambo waliyokuwa nayo watu wa mji ule: reli, chama cha wafanyakazi, wazee wanaokumbuka 1964 na 1985, noti hazipatikani, mkate pauni 3. Waulize wao wangefanya nini kesho yake asubuhi, na wangemwambia nani kwanza. Wakishajibu, wape Daraa ya Machi 2011: wavulana wa skuli waliokamatwa na kuteswa kwa maandishi ya ukutani, wazazi wanaodai watoto wao, vyama huru hakuna, makamanda ni ndugu wa rais. Waulize tena swali lilelile.

Ramani utahitaji mbili. Kama huna ya Sudan, niandikie kwenye ujumbe wa ndani nikutumie niliyoichora mimi, ina majina ya mitaa ya Khartoum na njia waliyopita Aprili 6.